Kumnunulia Mtoto Poni Jike Nchini Kenya: Mwongozo Kamili kwa Mzazi

Mtoto anayejifunza kupanda farasi anahitaji mnyama anayeijua kazi kuliko yeye. Kanuni hii hukubaliwa na kila mtu, kisha huvunjwa pale mzazi anaposimama mbele ya poni, yaani farasi wa kimo kidogo, aliye mchanga mwenye singa ndefu na bei nafuu, na muuzaji akamwambia kwamba mnyama na mtoto watakua pamoja. Poni asiyejua humtegemea mpandaji amtulize, na mtoto asiyejua humtegemea poni amtulize yeye, hivyo siku ya kwanza pikipiki inapopita kwa kelele wote wawili hukosa wa kumwangalia. Maelezo yanayofuata yamelengwa kwa mzazi mwenye mtoto wa kati ya miaka 7 na 14 hivi, na yamezingatia hali ya Kenya, hasa Karen na Lang'ata jijini Nairobi, Limuru, Naivasha, Gilgil na Nanyuki, ambako farasi wengi wa kupandwa hufugwa. Sehemu kubwa itamfaa pia mzazi aliyeko Arusha au Kampala.

Hatua ya kwanza: mtoto, mfuko na mahali pa kumweka

Kabla ya kupiga simu hata moja, mwulize mwalimu wa mtoto maswali mawili. Je, mtoto anaweza kuwapanda farasi mbalimbali wa shule, au ni yule mmoja tu aliyemzoea? Na je, anaweza kumfunga farasi, kumsugua, kumsafisha kwato na kumtandika akiwa chini ya uangalizi, bila kutendewa kila kitu? Jibu likiwa bado, ni afadhali kukodi. Baadhi ya wenye farasi hukubali mtoto amtumie poni wao kwa siku maalumu za wiki kwa malipo ya mwezi, na mpango wa namna hiyo huonyesha baada ya muda mfupi kama hamu ya mtoto ni ya kudumu au ni ya likizo ya Desemba.

Bei ya kununua ni sehemu ndogo ya gharama. Poni hula kwa siku nyasi kavu zenye uzito wa takribani asilimia 2 ya uzito wake, kwa hiyo poni wa kilo 240 atamaliza karibu kilo 5 kila siku, yaani karibu kilo 150 kwa mwezi. Kama marobota yako ya nyasi za boma rhodes yana kilo 15 kila moja, hayo ni marobota kumi, kabla ya kuhesabu zile zinazokanyagwa na kupotea. Wakati wa ukame bei ya nyasi hupanda, na mwenye farasi asiye na ghala huumia. Ongeza fundi wa kwato kila baada ya wiki 6 hadi 8, ukaguzi wa meno angalau mara moja kwa mwaka, chanjo, dawa za minyoo na kupe, mshahara wa saisi, yaani mtunza farasi, au ada ya mazizi ya kulipia, masomo ya mtoto ambayo hayakomi kwa sababu amepata poni wake, na akiba ya dharura kwa ajili ya ugonjwa wa tumbo, ambao huja usiku na hauulizi mwezi umefika wapi.

Jambo la mahali linahitaji neno moja zaidi. Farasi ni mnyama wa kundi, na anayewekwa peke yake kwenye ua wa nyumba hupata tabia za dhiki: kuzungukazunguka, kuguguna mbao, kuita mchana kutwa. Kama huna nafasi ya wanyama wawili, mweke kwenye mazizi yenye farasi wengine. Punda anaweza kuwa mwenzake mzuri, mradi naye apewe dawa za minyoo, kwa kuwa punda hubeba minyoo ya mapafu bila kukohoa na huweza kumwambukiza farasi.

Hatua ya pili: kimo, uzito na umri

Kimo cha farasi hupimwa kutoka ardhini hadi sehemu ya juu ya mabega, pale shingo inapokutana na mgongo, na mnyama asiyezidi sentimita 148 ndiye anayehesabiwa kuwa poni katika mashindano ya kimataifa. Wauzaji wengi wa Kenya bado hutumia kipimo cha zamani cha Kiingereza cha upana wa kiganja, ambao ni sentimita 10.16. Mtu akikuambia poni ana "kumi na mbili nukta mbili", maana yake ni viganja 12 na inchi 2, yaani sentimita 127, wala si 12 na mbili ya kumi. Mtoto wa miaka minane kwa kawaida hutoshana na poni wa sentimita 115 hadi 125. Tamaa ya kununua mkubwa ili mtoto "amfikie" ieleweke kwa viatu vya shule. Kwa farasi, miguu isiyofika pembeni mwa tumbo haiwezi kumwelekeza mnyama, na mtoto hubaki kuvuta mdomo wake kwa hatamu.

Uzito unaweza kuukadiria kwa utepe wa fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, kisha gawanya kwa 11,880, nawe utapata kilo. Poni mwenye mzunguko wa 150 na urefu wa 125 ana karibu kilo 237. Mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito huo, na walio waangalifu zaidi husimamia 15. Kwa poni huyu basi, kikomo cha mtoto na vifaa vyake ni kati ya kilo 35 na 47. Hesabu hii ifanywe kwa uzito ambao mtoto atakuwa nao miaka miwili ijayo.

Kuhusu umri, mtafute wa miaka 8 hadi 16, na usimkatae wa 18 kwa sababu tu ya namba. Poni huishi miaka mingi. Wako wenye miaka 20 na zaidi wanaowafundisha watoto kila wiki, kwa kazi nyepesi na uangalizi wa meno na viungo. Muuzaji asipokuwa na hati za kuzaliwa, daktari atasoma meno. Meno ya mbele ya utotoni hubadilika jozi kwa jozi mnyama akiwa na karibu miaka miwili na nusu, mitatu na nusu na minne na nusu, hivyo hadi miaka mitano umri husomwa kwa uhakika mzuri. Baada ya hapo ni makadirio. Mfereji mweusi kwenye jino la pembeni la juu huanza kuonekana karibu miaka 10, hufika katikati karibu miaka 15 na huenea jino zima karibu miaka 20, lakini chakula na mchanga huharakisha kusagika kwa meno, na anayekuambia mwaka kamili kwa poni wa makamo anakupendeza tu.

Hatua ya tatu: kufuatilia historia yake

Soko la poni nchini ni dogo, na sababu yake kubwa ni maradhi ya farasi ya Afrika, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na usubi wa usiku na ambao pundamilia huubeba bila kuugua. Kwa hofu ya virusi hivyo, nchi nyingi huweka masharti makali kwa farasi wanaotoka maeneo yenye ugonjwa. Thailand ilipovamiwa nao mwaka 2020 ilipoteza mamia ya farasi. Farasi wa huku basi huuzwa huku, na poni mzuri hupita kutoka familia hadi familia, kutoka Karen hadi Gilgil na kurudi, akijulikana kwa jina kila alikopita. Kwa mnunuzi hii ni faida kubwa. Uliza poni ameishi wapi, alifundishwa na nani, na mtoto wa mwisho aliyempanda alikuwa na umri gani, kisha wapigie simu watu hao kabla ya kwenda kumwona. Walimu wa matawi ya Pony Club, chama cha watoto wanaojifunza kupanda, na watu wanaoshiriki maonyesho ya Jamhuri huwakumbuka poni miaka mingi baada ya kuwasahau wenyewe wa poni hao. Poni wa miaka 12 ambaye hakuna mtu anayemjua ama ametoka mbali, ama amebadilishwa jina, na mambo yote mawili yanahitaji maelezo.

Poni wengi utakaoonyeshwa ni chotara, na ukoo si kitu cha kulipia sana katika mnyama wa mtoto. Wenye damu ya Kisomali husifiwa kwa ugumu na kwa kwato imara zinazoweza kwenda bila viatu vya chuma, na wengi wamefanya kazi ya safari za watalii, jambo linaloeleza kwa nini baadhi yao hawashtushwi na kitu. Tahadhari kubwa iwe kwa makundi mawili. La kwanza ni farasi wastaafu wa mbio za Ngong Racecourse na machotara wao wa karibu, wanaouzwa kwa bei ya kuvutia: wako wapole miongoni mwao, lakini mnyama aliyefundishwa kukimbia mara anapoegemewa mdomoni hukimbia pia mtoto anapomng'ang'ania kwa woga. La pili ni wanyama wa polo kutoka Gilgil, Nanyuki au Nairobi. Wengi wao ni majike, wachapakazi, wamezoea umati na fimbo na mpira, na kijana wa miaka 13 anayepanda vizuri anaweza kuneemeka naye. Lakini huzunguka kwa mguso mdogo wa hatamu shingoni na husimama kwa ghafla inayomwacha mtoto mdogo akiendelea peke yake.

Hatua ya nne: kumwona, na kuzungumza na saisi

Omba umkute poni malishoni, asiwe ametandikwa wala kupandwa siku hiyo. Fika na mwalimu wa mtoto. Mara ya kwanza ni bora mtoto abaki nyumbani, kwa sababu mzazi ambaye mwanawe amekwisha kumkumbatia poni shingoni hana tena uwezo wa kusema hapana. Ukifika, mguse kifuani na pale tandiko linapokaa: jasho au joto lina maana kwamba amezungushwa kabla hujafika ili atulie. Tazama anavyokamatwa, anavyoongozwa kutoka kwa wenzake, anavyofungwa, anavyoinuliwa miguu yote minne mmoja baada ya mwingine, anavyotandikwa. Poni anayekunja masikio na kugeuka kung'ata mshipi wa tumbo unapokazwa anakumbuka maumivu, ya zamani au ya leo, na ni kazi yako kujua ni yapi.

Kisha zungumza na saisi. Nalisisitiza hili kuliko hatua nyingine yoyote, kwa kuwa biashara ya farasi nchini huendeshwa kwa Kiingereza kati ya wenye mali, wakati ujuzi wote wa mnyama huyu, namna anavyoamka, anavyokula, anavyochechemea asubuhi za baridi, umekaa kwa mtu anayeufahamu kwa Kiswahili. Mnunuzi anayezungumza naye kwa heshima ana mlango ambao wengine hupita bila kuuona. Usimwulize kama poni ni mzuri. Ana mwajiri, na umemweka pabaya. Mwulize kuhusu kazi yake ya kila siku. "Mzee, asubuhi ukimfuata malishoni, anakuja au mnamzunguka?" "Fundi wa kwato akija, wewe peke yako unatosha kumshika?" "Akiingia kwenye gari la farasi, huingia mara moja?" Na swali ambalo halikosi kuleta jibu: "Akikaa wiki nzima bila kupandwa, nani humpanda kwanza, mtoto au wewe?" Saisi akijibu kwamba huanza yeye, umeelewa kwamba poni hupunguzwa nguvu kabla ya mtoto kupanda, na nyumbani kwako itabidi awepo mtu wa kufanya hivyo. Akinyamaza na kumtazama tajiri wake, rudi siku nyingine, bila taarifa ndefu.

Hatua ya tano: mambo ya jike

Wapo wapanda farasi wanaokataa majike wote kwa dai kwamba hubadilika hali, na wapo wanaodai kwamba jike akikupenda hufanya kazi ambayo aliyehasiwa haifanyi. Dai la kwanza limetiwa chumvi, na la pili ni la mahaba. Ukweli wa kutosha kwa mnunuzi ni kwamba jike huwa na mzunguko wa takribani siku 21, na katika siku 5 hadi 7 kati ya hizo huwa kwenye joto, yaani tayari kumpokea dume. Katika nchi za kaskazini mzunguko huo husimama wakati wa baridi, lakini kwetu karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, jike anaweza kuendelea mwezi baada ya mwezi. Dalili ni kuinua mkia, kukojoa kidogo kidogo, kulia kwa sauti kali farasi wengine wanapomnusa, na kukereka anapoguswa ubavuni. Wengi huonyesha hayo kwa kiasi tu. Wachache huwa hatari kwa mtoto katika siku hizo, na njia ya kuwatambua ni kumtembelea poni angalau mara mbili, ziara hizo zikiachana siku kumi hivi, na kumwomba saisi aeleze joto la mwezi uliopita lilikuwaje. Uliza pia, na uandike jibu, kama anapewa dawa yoyote ya homoni. Jike mwenye tabia za dume wakati wote, anayewapanda wenzake na kupigana nao, apimwe ovari, kwa sababu kuna uvimbe unaoleta tabia hizo.

Mimba ni swali la pesa na la wakati. Jike huchukua mimba karibu miezi 11, hapaswi kufanya kazi ngumu katika theluthi ya mwisho, na hunyonyesha miezi mitano au sita kabla mwana hajatenganishwa naye. Ukinunua jike mwenye mimba bila kujua, mtoto wako atakosa poni kwa muda unaokaribia mwaka, na utakuwa na mwana-farasi asiye na mtu wa kumfundisha. Kama ameishi malisho moja na dume, au na madume wachanga ambao hawajahasiwa, daktari ampime kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Mimba huonekana kuanzia wiki ya pili au ya tatu. Muuzaji anayepamba bei kwa kusema kwamba jike "atakuzalia" anauza kitu usichokitafuta.

Hatua ya sita: kumjaribu

Wa kwanza kupanda ni mtu wa muuzaji, kila mara, bila ubaguzi wala aibu. Akikataa, au akisema siku hiyo hakuna mtu, safari imekwisha. Wa pili ni mwalimu wako au kijana mzoefu mwenye uzito unaofaa. Mtoto hupanda wa mwisho, akiwa na kofia ngumu ya kupandia na viatu vyenye kisigino, kwanza ndani ya uzio.

Mambo ya kutazama ni ya kawaida kabisa, na ubora wa poni wa mtoto umo katika ukawaida huo. Je, husimama kimya mtoto anapopanda? Huondoka kwa hatua za taratibu, huingia kwenye telki, yaani ule mwendo wa midundo miwili, kisha shoti nyepesi, na hurudi kwenye hatua za kawaida anapoombwa kwa sauti na kwa mkao wa mpandaji kabla ya kuvutwa hatamu? Hupita lango bila kuvuta kulielekea? Huwaacha wenzake na kwenda peke yake? Mgeuzeni aelekee mbali na zizi, kisha aelekee zizini, na mlinganishe mwendo. Baada ya uwanja, toka naye na mwalimu akiwa juu, hadi barabarani. Poni wa Karen hukutana na bodaboda, matatu, mbwa wanaobweka nyuma ya malango na ngiri wanaochomoka kichakani, na anayetazama, akatikisa masikio na kuendelea, ana thamani kuliko anayeruka vizuizi vya mita moja. Kushtuka na kusogea hatua mbili kunasameheka. Kusimama kwa miguu ya nyuma hakusameheki, hata mara moja, hata kwa sababu nzuri, kwa sababu poni anayeanguka chali humwangukia aliye juu yake.

Hatua ya saba: uchunguzi wa daktari

Tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa na mwenye uzoefu wa farasi, asiye daktari wa muuzaji. Mweleze kazi utakayomtumia poni, kwani swali analojibu ni kama mnyama anaifaa kazi hiyo. Hatabiri maisha yake. Uchunguzi kamili, kama unavyofanywa Uingereza, una hatua tano: kumkagua akiwa ametulia, kumtazama akitembea na kwenda telki akiongozwa kwa mkono, kumfanyisha kazi hadi moyo na pumzi viende mbio, kumpumzisha na kumpima tena, kisha telki ya pili ili kuona kama kazi imeamsha kilema. Wengi huongeza jaribio la kukunja kiungo cha mguu kwa muda mfupi na kumkimbiza mara tu kinapoachiwa.

Mzazi anaweza kufanya sehemu ya ukaguzi huu mwenyewe kabla ya kumlipa daktari. Mwendeshe poni telki kwenye ardhi ngumu, kamba ikiwa imelegea, aje kwako moja kwa moja. Mguu wa mbele ukiwa na maumivu, kichwa huinuka mguu huo unapotua na hushuka ule mzima unapotua. Akiwa ametulia, mapigo ya moyo yawe takribani 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16, na joto la mwili kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Bonyeza ufizi kwa kidole: weupe urudi kuwa waridi ndani ya sekunde mbili hivi.

Kwato zitazamwe kwa makini kuliko yote, kwa sababu poni ana maumbile ya kunenepa kwa chakula kidogo, na unene huo hukaribisha uvimbe wa ndani ya kwato unaomlemaza kwa uchungu mkubwa. Poni aliyewahi kuupata huacha ushahidi: mistari inayozunguka ukwato ikiwa imeachana zaidi kisiginoni kuliko mbele, mafuta magumu juu ya shingo, na kutembea kwa kuweka uzito nyuma. Nyasi changa zinazochipuka baada ya mvua ndefu, zenye sukari nyingi, huurudisha. Anayeupata mara kwa mara hahitaji mtoto, anahitaji muuguzi. Kwa poni wa rangi ya kijivu au mweupe, inua mkia: vivimbe vyeusi chini yake ni vya kawaida kwa wazee wa rangi hiyo na huenda vikakaa miaka bila madhara, lakini bei izingatie.

Magonjwa ya kwetu yana maswali yake. Biliari, homa inayoletwa na vimelea vya kupe, huacha farasi wengi wakiwa wabebaji wasio na dalili, hivyo kipimo chenye majibu ya kuambukizwa si lazima kivunje ununuzi. Daktari apime wingi wa damu na aeleze. Kwa maradhi ya farasi ya Afrika, dai kadi ya chanjo yenye tarehe. Virusi hivyo vina aina 9, chanjo hurudiwa kila mwaka, na kwa kuwa hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, farasi hupumzishwa kazi ngumu baada ya kuchomwa, na jike mwenye mimba changa kwa kawaida huepushwa nayo: sababu nyingine ya kupima mimba kwanza. Chanjo ya pepopunda pia iwepo kwenye kadi, kwani kila jeraha la ukwato hugusa udongo na mavi.

Jambo la mwisho kwa daktari ni damu. Zipo dawa za maumivu zinazoficha kuchechemea na dawa za kutuliza zinazomfanya poni mkali aonekane mlezi wa watoto. Sampuli ichukuliwe siku ya uchunguzi na ihifadhiwe. Nchini Uingereza ni desturi kuihifadhi miezi 6. Mara nyingi haitapimwa kamwe, ila muuzaji mwenye la kuficha hubadilisha nia anaposikia kwamba itachukuliwa.

Hatua ya nane: majaribio na maandishi

Omba wiki moja au mbili za majaribio nyumbani. Wauzaji wengi watasita, na wana haki, maana mnyama wao anaweza kuumia mikononi mwa wageni. Kwa hiyo toa amana, andika nani atalipa akiugua, nani anaruhusiwa kumpanda, na kwamba hataruka vizuizi wala kwenda barabarani bila mtu mzima. Akikataa kabisa, omba mtoto aende kumpanda pale pale mara nne au tano, kwa siku na saa tofauti, siku yenye upepo ikiwemo.

Mkataba wa mauzo uwe wa maandishi hata kati ya marafiki, na hasa kati ya marafiki. Uandike jina la poni, umri, rangi, kimo, alama nyeupe na mizunguko ya nywele, namba ya kifaa cha utambulisho kama anacho, bei, tarehe, na kauli za muuzaji kuhusu tabia, magonjwa ya zamani, dawa na mimba. Kauli aliyoitia saini ina uzito ambao maneno ya mlangoni hayana. Ulizia kwenye ofisi ya mifugo ya kaunti kuhusu kibali cha kumsafirisha kabla gari halijafika. Kama tandiko lake linauzwa pamoja naye, linunue iwapo tu fundi au mwalimu amethibitisha kwamba linamkaa. Tandiko baya humgeuza poni mwema kuwa mpiga mateke ndani ya mwezi mmoja.

Hatua ya tisa: wiki za kwanza

Mpokee na sehemu ya chakula alichozoea na ukibadilishe kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla huleta msokoto wa tumbo. Mtenge na farasi wengine kwa wiki mbili, awaone bila kugusana nao pua. Maji safi yawepo saa zote. Siku ya joto na kazi anaweza kunywa lita 30 au zaidi. Mwingize zizini kabla ya magharibi, hasa katika miezi inayofuata mvua, kwa sababu usubi hutoka jioni hadi alfajiri, na mkague kupe masikioni, chini ya singa na kati ya miguu ya nyuma kila siku.

Jike mgeni hupangwa upya katika kundi, na katika siku hizo anaweza kuonekana mkaidi au mwenye kulia kila saa. Mtoto amwongoze kwa mkono, amsugue, amlishe nyasi, na masomo yaanze uwanjani na mwalimu yule yule aliyemjaribu. Kama saisi wa zamani anakubali kuja siku ya kwanza au ya pili kumweleza saisi wako mazoea ya poni, mlipe nauli na siku yake ya kazi. Anzisha pia daftari la zizi, lenye tarehe za joto, chanjo, dawa za minyoo, fundi wa kwato na kila siku aliyochechemea, kwa sababu baada ya miaka miwili au mitatu visigino vya mtoto vitapita chini ya tumbo la poni, mzazi mwingine atakuja na maswali haya haya, na daftari hilo ndilo utakalomfungulia.